Kisa cha taa ya lava iliyochafuka maji: tulivyoifungua, chumvi ilivyotusumbua, na kosa la umeme nililoliona mwishoni

Taa yenyewe na mwenyewe

Mwenye taa ni dada mmoja wa pwani anayeishi Uingereza tangu miaka ya 1990. Jina, mji na kazi yake naviacha, ndivyo tulivyokubaliana. Alipofika kule alipanga chumba kwa bibi mmoja Mwingereza, taa hii ilikuwa juu ya kabati la chumba kile, na siku anahama bibi akamwambia ichukue tu. Wanawe wawili wamelala na hiyo taa mpaka wamekuwa wakubwa. Sasa aliponipigia hakuuliza kama ina thamani sokoni, aliuliza kama inaweza kuwaka tena kama zamani, na mtu akiuliza hivyo mimi huwa nakubali kazi hata kabla sijaiona.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: ni chupa ya kioo iliyokaa juu ya kitako cha chuma, ndani mna maji ya rangi na nta, chini ya chupa kuna balbu. Balbu inapasha, nta inayeyuka, inatanuka mpaka inakuwa nyepesi kidogo kuliko maji, inapanda. Ikifika juu inapoa, inakuwa nzito, inashuka. Hakuna mota wala nini. Pale chini kuna springi ya waya imejikunja duara, watu wengi wanadhani ni urembo, ila ndiyo inayofanya mabonge yanayorudi chini yaungane tena na nta kubwa, bila hiyo yangebaki vigololi vinavyogongana tu.

Aliyeibuni ni Mwingereza, Edward Craven Walker, baada ya kuona kwenye baa kifaa cha kupimia muda wa kuchemsha yai kilichotengenezwa kwa vimiminika viwili visivyochanganyika. Kampuni yake ya Crestworth pale Poole ilianza kuziuza mwaka 1963, na mwaka 1992 ikabadili jina kuwa Mathmos. Hii historia naiweka hapa kwa sababu ilitusaidia baadaye kujua umri wa taa, na umri wa taa ndio unaokwambia kama ni salama kuifungua.

Ilivyofika hapo ilipofika

Mara ya kwanza aliniambia kitu kimoja tu, "kaka, maji yamechafuka." Akanitumia video. Maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele, nta huioni ila kivuli chake chini. Nilivyoendelea kuuliza ndo yakatoka mengine, na kumbe yalikuwa matatu tofauti ambayo yeye aliyaona ni jambo moja.

La kwanza, siku ya kuhama nyumba taa ilikuwa inawaka mpaka dakika ya mwisho, ikachomolewa ikiwa ya moto na kulazwa kwenye buti la gari. Nta iliyoyeyuka ikitikiswa inavunjika chembe ndogo ndogo sana zinazobaki zinaelea, ndo huo ukungu. La pili, nyumba mpya iliwekwa dirishani upande wa jua, miaka miwili. Rangi ya zambarau ya maji ikafa ikabaki kama chai iliyozidi maji, nta nyekundu ilibaki nyekundu. La tatu, balbu iliungua na kijana wake akanunua ya LED kwa kuwa ndiyo inayojaa madukani siku hizi, huko Ulaya balbu nyingi za halojeni, zile zinazotoa joto, zimeanza kuondolewa sokoni tangu 2018. LED inatoa mwanga vizuri lakini joto hakuna, na taa hii haili mwanga, inakula joto. Kwa hiyo nta ilikaa tu pale chini ngumu kama jiwe, familia nzima ikaamini taa imekufa.

Tufungue au tusifungue

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa usifungue. Chupa ikishafunguliwa huwezi kuirudisha ilivyotoka kiwandani, mchanganyiko wa maji yale ni siri ya mtengenezaji, na ukungu wa kutikiswa mara nyingine unaondoka wenyewe. Nikamwambia atafute balbu ya joto yenye wati zilezile zilizoandikwa kwenye stika ya kitako, hii ilikuwa 40, asizidishe hata moja, halafu awashe masaa 8, azime usiku kucha ipoe kabisa, kesho yake tena, bila kuigusa wala kuisogeza.

Siku ya pili nta ikaanza kupanda. Alinipigia saa tatu usiku anashangilia, nikasikia na kijana anashangilia nyuma. Lakini baada ya siku sita ukungu ulikuwa ule ule, na rangi ndo haiwezi kurudi kwa kuwashwa. Hapo ndipo tukaanza kuzungumza habari ya kufungua.

Kabla ya hapo nilimtaka picha ya stika. Jina lilikuwa Mathmos, kwa hiyo si ya kabla ya 1992, na ilikuwa na alama ya CE, ile ya viwango vya usalama vya Ulaya, ambayo vifaa vya umeme vilianza kuwekewa miaka hiyo ya 1990. Kwa nini hili ni muhimu: taa za lava za zamani, hasa za miaka ya 1960, nta yake ilifanywa nzito kwa kaboni tetrakloridi, kitu kinachoharibu ini hata kwa kuvuta mvuke wake. Ingekuwa ya kipindi hicho ningemwambia aiache imefungwa, aipende hivyo hivyo na ukungu wake. Na hata kwa hizi za baadaye, huwezi kujua nta imechanganywa na nini, kwa hiyo dirisha wazi, glavu, na vyombo utakavyotumia havirudi jikoni. Marufuku nyingine ambayo sitaki mtu aichukulie kirahisi ni kupasha chupa kwenye jiko. Mwaka 2004 jimbo la Washington, Marekani, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya taa ya lava aliyoiweka juu ya jiko kupasuka. Chupa imefungwa, joto linakuja haraka, presha haina pa kwenda. Inapashwa na balbu yake tu, basi.

Kufungua na kusafisha

Alifanya mwenyewe, mimi niko kwenye simu ya video, kati yetu ni safari ya treni masaa matatu. Taa ilikuwa imezimwa tangu jana yake, chupa baridi, nta imeganda na springi imo ndani yake.

Ukitoa ile kofia ya urembo utakuta kizibo cha kawaida cha bati kama cha soda. Watu wanakosea hapa, wanakamata opena wanavuta kwa nguvu mara moja kama wanafungua soda kweli, mdomo wa chupa unamegeka, na chupa iliyomegeka mdomo haifungiki tena vizuri. Nilimwambia anyanyue kidogo, azungushe chupa, anyanyue kidogo, azungushe. Ilimchukua kama dakika nne, kizibo kikatoka kimejikunja kidogo tu. Harufu ilikuwa ya mshumaa na kitu kama dawa ya hospitali.

Kabla hajamwaga nikamwambia ajaze kichupa kimoja cha jemu maji yale ya zamani na akiweke kabatini kimeandikwa. Yaliyobaki akayapima, lita moja na kidogo. Akainamisha chupa polepole juu ya ndoo, nta ngumu ikabaki chini. Halafu akasuuza kwa maji ya distili, haya ya kuongezea betri ya gari au kuweka kwenye pasi ya mvuke, siyo asidi na siyo maji ya bomba, maana maji ya bomba yana madini na yatakuletea ukungu wako mwenyewe juu ya ule uliokuwepo. Akamimina kupitia faneli yenye mpira mrefu unaogusa ukuta wa chupa, ili maji yasidondoke juu ya nta na kuimega. Mara tano, mpaka yanayotoka yakawa angavu kabisa.

Akafikiri amemaliza. Nikamwambia bado, kwa sababu kati ya nta iliyoganda na kioo kuna maji ya zamani yamebanwa, na nta ikiyeyuka yanatoka yote. Kwa hiyo ajaze maji safi, aache nafasi ya vidole viwili shingoni, afunike kwa kizibo bila kukibana, awashe mpaka nta iyeyuke, azime, igande, amwage tena. Kweli yale maji ya raundi ya sita yalitoka na ukungu ambao raundi ya tano haukuwepo, mwenyewe akashangaa.

Chumvi

Hapa ndo tulipopoteza siku tisa.

Nta ya kiwandani imepimwa ielee kwenye maji ya kiwandani, ambayo ni mazito kidogo kuliko maji matupu. Ukiweka maji matupu nta inayeyuka lakini inakaa chini, inafura juu kama andazi halafu basi. Kwa hiyo unafanya maji yawe mazito kidogo kidogo kwa brini, yaani chumvi iliyoyeyushwa kwenye maji mpaka maji yakatae kuyeyusha zaidi, kama gramu 36 kwa mililita 100 za maji. Chumvi iwe tupu, isiwe ile ya mezani yenye dawa ya kuzuia kushikana, ile inaleta ukungu.

Nikamwambia, na haya ndiyo maneno yangu yenyewe, "dada, ongeza kidogo halafu subiri." Kidogo yangu mimi ni mililita 5. Kidogo yake yeye ilikuwa 20, akazimimina moja kwa moja kwa sirinji. Nta ikapanda ndani ya nusu saa! Akanitumia video, nzuri kweli, tukapongezana tukalala.

Kesho yake imekaa chini haisogei.

Sikuelewa mara moja, nikadhani balbu. Yeye kwa kuona jana ilifanya kazi akaongeza nyingine, jioni akaongeza nyingine, mpaka alipofika 55 jumla nta yote ilipanda juu ikakaa kule shingoni kama kofia, haishuki. Akazima, ikaganda kule kule juu. Alinipigia amenyong'onyea, "kaka nimeiharibu taa ya bibi." Hakuwa ameharibu kitu, na nilimwambia hivyo mara tatu, ila niliona hili haliwezi kumalizwa kwa simu.

Kilichotokea ni hiki. Brini ni nzito kuliko maji karibu kwa asilimia 20, ukiimimina inazama moja kwa moja chini na kuizunguka nta. Pale chini tu maji yanakuwa mazito sana, nta inanyanyuliwa, unaona imefanikiwa. Baada ya masaa ya kuwaka brini inasambaa chupa nzima, uzito wa chini unapungua, nta inarudi kukaa. Kile tulichokipongeza usiku ule kilikuwa safu ya chumvi chini ya chupa, hakikuwa taa iliyokaa sawa.

Jumamosi niliyokwenda

Nilifika saa nne asubuhi nikiwa na mkoba wa vifaa na mita ya fundi ya kupimia umeme. Tukaanza na chumvi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inamuumiza. Tulivuta mililita 200 za yale maji ya chumvi kwa sirinji, tukaweka 200 za distili. Hesabu ya haraka ilituambia tumebakiwa na kama brini ya mililita 45. Tukawasha, tukala, tukapiga soga. Baada ya masaa mawili na nusu bonge la kwanza likajikata kule shingoni likashuka. Dada alikuwa amekaa kwenye zulia mbele ya taa, akaweka mkono mdomoni hakusema kitu.

Ila likaja tatizo la nta kushika kwenye kioo, inapanda inaacha utelezi mwekundu ukutani kama mafuta ya mawese kwenye sufuria. Hiyo ni dalili kwamba sabuni ni chache, maana ile ya kiwandani tuliimwaga pamoja na maji. Nilitia tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi kwenye mililita 10 za maji ya distili, nikaweka mililita 1 ya mchanganyiko huo. Saa moja. Nyingine 1. Baada ya ya tatu kioo kikawa kisafi. Ukizidisha hapa utapata kinyume chake, mabonge yanakuwa madogo hayaungani, na sabuni huwezi kuivuta bila kumwaga maji yote na kuanza upya. Tangu asubuhi hiyo kila kilichoingia kwenye chupa nilikichanganya kwanza nje, kwenye maji ya moto yaliyovutwa humo humo chupani, ndipo kikarudishwa.

Rangi ikawa ya mwisho, ya chakula ya maji, nyekundu na bluu, tone moja moja.

Wakati tunasubiri ndo nikageuza kitako nikafungua plagi. Ndani nikakuta fyuzi ya ampea 13 kwenye taa ya wati 40 ambayo inatakiwa ya ampea 3, hilo ni baya. Baya zaidi, waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake na unaning'inia. Kitako ni cha chuma. Nilichomeka mita kutoka pini ya ethi hadi kwenye kitako, hakuna muunganiko. Yaani zaidi ya wiki moja huyu dada amekuwa akimimina maji ya chumvi kwa mikono yenye unyevu kwenye chupa iliyokaa juu ya chuma kisicho na ethi, kwa maelekezo yangu. Nilikaa chini kidogo. Kisha nikamweleza yote bila kupunguza, nikafunga waya, nikaweka fyuzi ya 3, nikapima tena ikasoma vizuri.

Jumapili asubuhi chupa ikiwa baridi tuligonga kizibo kipya cha milimita 26 kwa ile mashine ya mkono wanayotumia wapika bia wa nyumbani, nafasi ya hewa tukaiacha ile ile ya vidole viwili. Maji yakitoka nyuzi 20 kwenda 60 yanatanuka kama asilimia moja na nusu, nta inatanuka zaidi ya hapo, ukijaza mpaka juu kizibo kitaruka au chupa itapasuka.

Iko vipi sasa

Imepita miezi saba. Maji ni angavu, baada ya masaa 7 au 8 inaanza kuwa na ukungu mwepesi sana ambao asubuhi haupo. Inachelewa kuanza kuliko dada anavyoikumbuka, masaa mawili na nusu, na vigololi vitatu vidogo vimekaa juu havishuki. Zambarau imepauka kidogo ingawa haipo tena dirishani, rangi ya chakula haivumilii mwanga kama ya kiwandani. Yeye anasema ni ile ile. Mimi najua si ile ile kabisa, mwendo wake ni wa mabonge makubwa ya polepole wakati video yake ya zamani ilikuwa na nguzo ndefu nyembamba.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni kutoigusa nta. Maji yanabadilishika, chumvi inapunguzika, rangi unaweza kuanza upya, lakini nta ya kiwandani ukiimega au kuichafua huna pa kuipata nyingine. Kila uamuzi mzuri hapa, kusubiri ipoe, faneli yenye mpira, kutotumia jiko, ulikuwa wa kuilinda nta. Kuanza na balbu kabla ya opena pia kulikuwa sahihi, na naamini taa nyingi zinazotupwa leo hazina ugonjwa wowote zaidi ya kuwekewa LED.

Kazi ya chumvi iliharibika kwa sababu mbili, na zote zilianzia kwangu. Sikutoa kipimo. Kumwambia mtu kidogo ukiwa umbali wa masaa matatu ni sawa na kutomwambia kitu, ningesema mililita 5, changanya nje, subiri mpaka kesho jioni ndipo uongeze. Na sikumtaka aandike. Alipofika 55 ilibidi tukae tukumbuke aliweka ngapi lini, hata hiyo 55 ina makadirio ndani yake. Angekuwa na daftari tungeona siku ya pili kwamba nta inapanda kila anapomimina na kushuka kila inapolala, hapo jibu lingejionyesha lenyewe.

Umeme ndilo kosa kubwa na halina utetezi. Niliulizia umri wa taa, nikaulizia stika, nikaulizia mpaka jua la dirishani, sikuulizia plagi. Nilichanganya kitu kinachovutia na kitu cha kwanza. Sasa hivi mtu akiniletea taa ya lava kwa simu, sizungumzii maji kabla hajafungua plagi, ikiwa imechomolewa ukutani, na kunipigia picha ya nyaya tatu na namba ya fyuzi. Kama kitako ni cha chuma na hana mita, aipeleke kwa fundi umeme kwanza, nta itasubiri.

Kimebaki kile kichupa cha jemu. Dada bado anacho, na mwezi ujao ananitumia robo yake, nataka nipime uzito wa yale maji ya kiwandani kwa mizani ya gramu nilinganishe na ya kwetu. Kama yetu ni mazito kuliko yale, basi huenda ndipo penye siri ya vile vigololi vitatu, na tutafungua kizibo mara ya pili, safari hii nikiwa nimekaa pale pale.